Shahada ya Kwanza ya Sosholojia na Swali la Lugha ya Nyanjani

Mwanafunzi aliyechaguliwa kusomea udaktari, uhandisi au ualimu haulizwi sana nyumbani atakuwa nani baada ya masomo. Jina la kozi limekwisha kujibu. Aliyechaguliwa kusomea sosholojia hana bahati hiyo. Shangazi humwuliza kwanza, kisha mjomba, kisha jirani aliyekuja kutoa pongezi: hiyo ni kazi gani? Aghalabu jibu huanza kwa Kiingereza, likafuatiwa na kicheko cha haya, na mwishowe na maelezo kwamba ni "kusoma mambo ya jamii". Shangazi huitikia kwa kichwa, ingawa moyoni anashangaa ni vipi mtu atumie miaka minne chuoni akisomea mambo ambayo yeye ameyaona tangu utotoni.

Swali la shangazi halistahili kupuuzwa. Makala haya yanadhamiria kueleza kile anachokisoma mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sosholojia katika vyuo vikuu vya Kenya, na kudai kwamba ugumu wa kumjibu shangazi na ugumu wa kufanya utafiti wa kuaminika miongoni mwa watu kama yeye vina chimbuko moja. Taaluma hii hufundishwa kwa lugha moja na kutendwa kwa nyingine. Kwa sababu hiyo, suala hili haliwezi kuachiwa wanasosholojia peke yao. Linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa kiwango ambacho pengine wao wenyewe hawajakitambua.

Sosholojia ni nini, na si nini

Istilahi yenyewe ilibuniwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830 kwa kuunganisha neno la Kilatini lenye maana ya mwenzi na neno la Kiyunani lenye maana ya elimu. (Wanaobeza istilahi chotara za Kiswahili hawana budi kukumbuka kwamba hata wakubwa wa taaluma walizaliwa katika ndoa za namna hiyo.) Comte alitaka sayansi ya jamii itakayofuata nyayo za sayansi ya maumbile. Hata hivyo, aliyeonyesha kwa vitendo jinsi sayansi hiyo ingeweza kufanya kazi ni Émile Durkheim, katika kitabu chake kuhusu kujiua kilichochapishwa mwaka 1897.

Mfano wa Durkheim ungali bora kwa kumwelewesha asiyejua. Hakuna tendo linaloonekana kuwa la binafsi kuliko mtu kujitoa uhai. Lakini Durkheim alipozikusanya takwimu za nchi za Ulaya, aligundua kwamba idadi ya wanaojiua katika kila nchi haibadilikibadiliki ovyo mwaka hadi mwaka, na kwamba Waprotestanti hujiua zaidi ya Wakatoliki, na wasiooa zaidi ya waliooa. Ikiwa sababu zingekuwa za moyoni mwa kila mtu pekee, mpangilio huo ungetoka wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba kuna nguvu zilizo nje ya mtu mmoja mmoja, zinazotokana na jinsi watu wanavyofungamana au kutofungamana na wenzao. Hizo ndizo sosholojia inazozitafuta.

Mmarekani C. Wright Mills aliliweka jambo hilo kwa njia nyepesi zaidi mwaka 1959 alipotofautisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Kijana mmoja akikosa karo, huenda babake alikuwa mlevi. Vijana wa tarafa nzima wakikosa karo mwaka mmoja, ulevi wa baba mmoja hautoshi kuwa maelezo. Sharti iulizwe bei ya chai au ya miwa ilikuwaje, mvua ilinyesha vipi, na sera ya kugharimia elimu ilibadilishwa lini. Uwezo wa kuvuka kutoka kwa kijana hadi kwa sera, kisha kurudi kwa kijana bila kumsahau, ndio mwanafunzi anaotarajiwa kuhitimu nao.

Kutokana na maelezo haya, yafaa sosholojia itenganishwe na ustawi wa jamii. Afisa wa ustawi wa jamii humsaidia mtoto aliyetelekezwa. Mwanasosholojia huuliza kwa nini watoto wa aina hiyo wameongezeka katika mtaa fulani na si katika mwingine. Mipaka na anthropolojia ni myembamba zaidi, na katika Afrika Mashariki ina historia chungu. Wakati wa ukoloni, Mzungu alipochunguza jamii yake alijiita mwanasosholojia. Alipochunguza jamii ya Mwafrika, alijiita mwanaanthropolojia. Ndiyo maana Jomo Kenyatta aliiandika kazi yake kuhusu Wagikuyu, iliyochapishwa mwaka 1938, akiwa mwanafunzi wa anthropolojia wa Bronislaw Malinowski mjini London.

Miaka minne ya masomo

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, shahada ya kwanza ya sanaa ilipangiwa miaka minne. Ratiba hutofautiana chuo hadi chuo, ila mkondo ni mmoja. Mwaka wa kwanza huwa wa utangulizi, pamoja na kozi za lazima kwa wanafunzi wote. Mwaka wa pili mwanafunzi hukutana na nadharia: Karl Marx na tabaka, Durkheim na mshikamano, Max Weber na mamlaka na dini. Mwaka wa tatu hujaa matawi, kama vile sosholojia ya familia, ya uhalifu, ya maeneo ya mashambani, ya miji, ya afya na ya jinsia. Mwaka wa nne ni wa mradi wa utafiti.

Jambo linalowashtua wengi ni takwimu. Waliokimbilia sanaa wakidhani wamezikwepa hesabu hujikuta wakikokotoa wastani na uwiano, na kuingiza majibu ya hojaji kwenye kompyuta. Kuhusu ajira, ukweli hauna budi kusemwa: shahada hii haina mlango mmoja wa kazi wenye jina juu yake. Wahitimu wake huonekana katika mashirika yasiyo ya kiserikali, idara za urekebishaji wa tabia, ofisi za rasilimali watu, kampuni za utafiti wa maoni na, tangu mwaka 2013, katika serikali za kaunti 47. Hali hiyo haiwapi wazazi utulivu.

Katika orodha ya nadharia zinazofunzwa, Ulaya ya karne ya 19 ndiyo hutangulia. Siku hizi baadhi ya wahadhiri humtaja pia Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeandika mwaka 1377 kuhusu mshikamano wa ukoo na kuinuka na kuanguka kwa dola, na W.E.B. Du Bois, Mmarekani mweusi aliyetembea nyumba hadi nyumba katika mtaa mmoja wa Philadelphia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1899. Asiyetajwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Huyu alieleza, kwa Kiswahili, kuzaliwa na kulelewa kwa mtoto, mafunzo, ngoma, ndoa, utumwa na mengineyo mengi, katika kitabu cha desturi za Waswahili alichokichapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Mtoro hakuwa mwanasosholojia kwa maana ya Durkheim. Hakujenga nadharia wala kukusanya takwimu. Lakini aliielezea jamii kwa lugha ya jamii hiyo, miaka 45 kabla ya taasisi ya utafiti wa jamii kuanzishwa Makerere mwaka 1948. Mwanafunzi wa Kiswahili humsoma kama chanzo cha historia ya nathari. Mwanafunzi wa sosholojia, ambaye angemhitaji zaidi, hupita miaka minne bila kulisikia jina lake.

Hapa pana ulinganisho wa kufikirisha. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo chuo kishiriki, ivunjwe ili fasihi na lugha za Kiafrika ziwe kitovu cha masomo. Mjadala huo uliibadilisha fasihi kabisa. Sosholojia nayo iliwabadilisha wanaochunguzwa na wanaochunguza: mwaka 1977, kwa mfano, Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson walichapisha utafiti wao kuhusu harambee, mada iliyochipuka hapa hapa. Lugha ya kufikiria, hata hivyo, haikuguswa.

Nyanjani

Matokeo ya kutoguswa huko hudhihirika mwaka wa nne. Chukulia mwanafunzi anayekwenda Kilifi kuchunguza mgawanyo wa kazi nyumbani. Hojaji yake imeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu msimamizi wake ataisoma kwa Kiingereza. Usiku wa kuamkia safari, au pengine ndani ya basi, anaitafsiri kwa Kiswahili. Hakuna somo hata moja katika miaka minne lililomfundisha kutafsiri.

Swali la kwanza linauliza idadi ya watu katika kaya. Katika Kiswahili cha takwimu, neno hili lina maana mahsusi: watu wanaokaa pamoja, wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Ni istilahi iliyokomaa, na nchini Tanzania inaeleweka hata na mjumbe wa mtaa. Lakini Kilifi ni nchi ya Wamijikenda. Huko kaya ni ile misitu mitakatifu yenye makao ya kale ya wahenga, inayolindwa na wazee wa kaya, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee anayeulizwa na mgeni mwenye kalamu ni watu wangapi wamo katika kaya yake ana haki ya kujiuliza mgeni huyo anatafuta nini. Mwanafunzi naye, akiona mzee amenyamaza, huenda akaandika kwamba mhojiwa "hakuwa tayari kushirikiana". Kosa la tafsiri limegeuka kuwa sifa ya mhojiwa.

Swali la pili linamwuliza mama wa nyumbani kama anafanya kazi. Anajibu, "Sifanyi kazi." Mama huyo ameamka alfajiri, amechota maji, amepalilia mahindi, na jioni atakaanga viazi vya kuuza kando ya barabara. Hakusema uongo. Katika matumizi ya Kiswahili ya watu wengi nchini Kenya, kufanya kazi ni kuajiriwa. Mengine ni kujisaidia, kutafuta riziki, kusukuma maisha. Majibu ya aina hiyo yakiwa 200, jedwali litaonyesha kwamba wanawake wa eneo hilo hawana shughuli, na pengine mradi wa maendeleo utatungwa wa "kuwapa shughuli". Watafiti wa nguvukazi waliokwisha kuumwa na nyoka huyu huuliza kwa namna nyingine: katika siku saba zilizopita, ni mambo gani uliyafanya yaliyokupatia chakula au pesa?

Wakati mwingine lugha ya watu huitangulia taaluma. Dhana ya sekta isiyo rasmi ilisambaa duniani baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972. Mafundi wa vyuma na mbao wa Kenya wao hujiita watu wa jua kali. Tazama tofauti. "Isiyo rasmi" humweleza fundi kwa kile asichokuwa nacho mbele ya dola: leseni, ofisi, vitabu vya hesabu. "Jua kali" humweleza kwa mahali anapotolea jasho. Istilahi ya kwanza imetazama kutoka dirishani, ya pili kutoka kwenye fuawe. Mwanafunzi anayezifahamu zote mbili ana maswali mawili ya utafiti. Anayefahamu moja ana nusu.

Dhana zinazogongana

Ugumu hauko kwenye hojaji pekee. Zipo dhana za msingi za sosholojia ambazo Kiswahili cha kitaaluma kinazifunika kwa neno moja. Mwaka 1887, Mjerumani Ferdinand Tönnies alizitofautisha aina mbili za maisha ya pamoja: ile inayofungwa na damu, ujirani na mazoea, na ile inayofungwa na mkataba na maslahi. Nadharia nyingi kuhusu miji zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Kwa Kiswahili, zote mbili huitwa jamii. Wapo wanaopendekeza jumuiya kwa ajili ya ile ya kwanza, na pendekezo lina mashiko: jumuiya ndogo ndogo za Wakristo wa Katoliki, ambamo majirani husali na kuzikana, zinakaribiana na alichokikusudia Tönnies. Lakini ipo pia Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1999, na hakuna anayedai kwamba ushuru wa forodha ni udugu wa damu. Neno moja limekaa pande zote mbili za ukuta.

Mfano wa pili utawagusa zaidi wanaosoma fasihi. Katika uhakiki wa Kiswahili, neno ukengeushi limezoeleka kuwaelezea wahusika waliopotewa na utu wao au waliotengana na jamii zao, hasa wale wa riwaya za Euphrase Kezilahabi. Wahakiki hulitumia bila wasiwasi. Mwanasosholojia akilisoma hujikuna kichwa, kwa kuwa taaluma yake ina dhana mbili zilizo mbalimbali hapo. Ya kwanza ni ya Marx: mfanyakazi hutenganishwa na matunda ya kazi yake, na hatimaye na nafsi yake, hata kama ni raia mtiifu asiyevunja kanuni yoyote. Ya pili ni kwenda kinyume na kanuni, ambako huenda kukafanywa na mtu asiyejihisi kutengwa hata kidogo. Mwizi wa mali ya umma, kwa mfano, aweza kuwa mtu mwenye marafiki wengi kijijini kuliko wote. Kitenzi kukengeuka, yaani kuiacha njia, kinaelekea zaidi kwenye ile ya pili. Uhakiki umekitumia kwa ile ya kwanza. Mhakiki anayemwita mhusika mkengeushi bila kufafanua anamhukumu na kumhurumia kwa neno moja, na msomaji hajui ni lipi kati ya hayo mawili lililokusudiwa.

Inavyoonekana, basi, deni ni la pande zote mbili. Sosholojia inahitaji watu wanaojua kwamba maana ya neno hubadilika kutoka Tanga hadi Kilifi na kutoka Kilifi hadi Eastleigh. Uhakiki wa Kiswahili, ambao kwa miongo kadhaa umeegemea Umaksi, uamilifu na nadharia za kijinsia, unakopa kutoka kwa sosholojia kila siku, na mara nyingine haurudi kuangalia bidhaa iliyokopwa ilikuwa imeandikwaje mwanzoni. Isimujamii imejaribu kuwa daraja, ingawa huulizia zaidi hali ya lugha katika jamii kuliko hali ya jamii katika lugha.

Baadhi ya hatua hazihitaji fedha wala idhini ya seneti. Hojaji iliyotafsiriwa kwa Kiswahili inaweza kupewa mwanafunzi wa Kiswahili asiyeiona nakala ya Kiingereza, airudishe katika Kiingereza. Pale nakala mbili zinapoachana ndipo penye tatizo. Vyama vya wanafunzi vya Kiswahili vina watu wa kutosha kuifanya kazi hiyo katika alasiri moja, na kutokana nayo wangepata orodha ya istilahi zilizopimwa kwa wazungumzaji badala ya zile zinazobuniwa mezani. Idara za sosholojia nazo zingeweza kuisahihisha nakala ya Kiswahili ya hojaji sawa na ile ya Kiingereza. Kwa kawaida nakala hiyo huwekwa kwenye viambatisho, nyuma ya bajeti na ramani, ilhali ndiyo pekee ambayo mhojiwa aliisikia. Katiba ya mwaka 2010 iliyafanya mambo haya yawe mazito zaidi. Iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na ikauhesabu ushirikishaji wa umma kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Maoni yanayokusanywa katika ukumbi wa kaunti kwa maswali yaliyotafsiriwa ndani ya basi yataandikwa kuwa sauti ya wananchi.

Mwanafunzi yule wa Kilifi angeweza kuliacha neno kaya kabisa na kuuliza: hapa mnaokula chungu kimoja ni wangapi? Ni swali linaloeleweka, na hata shangazi wa mwanzo wa makala haya angelijibu bila kusita. Angehesabu kwa vidole: yeye, mumewe, watoto wanne, mama mkwe. Kisha angesimama kidogo na kuuliza kuhusu mwanawe wa kwanza aliye Mombasa, ambaye hajalala hapo tangu Krismasi lakini ndiye anayetuma pesa za unga kila mwezi. Huyo ahesabiwe au asihesabiwe? Hojaji haina kisanduku cha jibu hilo, na mwanafunzi atalazimika kuliandika pambizoni.